Shangazi Havutwi Kamba

Asubuhi ile stendi ya mabasi ilifurika watu, na Shangazi akachagua kuketi papo hapo, mbele ya benchi la fundi viatu. Alikuwa mbwa jike wa kahawia, aliyepewa jina hilo kwa kunusanusa mambo ya kila mtu. Mlinzi aliyemshika, binti mwenye sare ya bluu iliyonyooka kwa pasi, alimvuta wee, hakubanduka.

"Dada, mbwa wako ananikamata kwa kosa gani?" fundi akauliza.

"Ananusa ngozi. Usijione."

"Na wewe hunusi chochote?"

"Gundi," akajibu, kicheko kikamponyoka.

Kesho yake kisigino cha buti la mlinzi kikang'oka, akampelekea fundi. Keshokutwa yake, cha pili. Haukupita muda, simu zikaanza.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Shangazi anakusalimu."

"Mwambie mkwe wangu shikamoo!"

Mlinzi alikuwa akimwandaa Shangazi kwa jaribio la kufuata harufu. Mtu mgeni hupita mapema kwenye lami, ngazi na maegesho, na kuacha glavu mwisho wa njia. Mwenye mbwa haijui njia hiyo. Mbwa ndiye huitafuta. Akifaulu, hupewa cheo. Walinzi wenzake walimcheka: mbwa wa kuokotwa jalalani, na cheo wapi na wapi? Naye Shangazi alishaota mvi mdomoni. Mwakani angekuwa amechelewa.

Siku ilipofika, kwenye maegesho Shangazi alielekea kushoto. Mlinzi alidhani ni kulia, akavuta kamba. Fundi, aliyekuja kutazama na aliyekuwa amemwona yule mgeni akipita, uvumilivu ukamshinda. Akanyoosha mkono kushoto.

Filimbi ikalia. "Msaada wa nje!" jaji akasema. "Mmeondolewa."

"Umeniaibisha!" mlinzi alifoka. "Ulidhani hatuwezi bila wewe?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Usiniite hivyo!"

Simu ya fundi iliita hadi ikachoka, mlinzi hakupokea. Jioni moja, akimsugua Shangazi kifuani, mlinzi aligusa mchubuko pale mkanda ulipombana. Mkono uliovuta kamba ulikuwa wake.

Jaribio la mwisho la mwaka lilimkuta fundi pembeni ya uwanja, shati jeupe pe, ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, asije akaonyesha njia tena. Mlinzi alimwona, akafunga kamba.

Walipofika penye kona, moyo wake ukamwambia kulia tena. Safari hii aliilegeza kamba.

"Nenda, Shangazi. Mwenye pua ni wewe."

Shangazi akakata kushoto, akapanda ngazi, akavuka lami iliyochemka kwa jua, pua chini, mkia juu. Halafu akalala chini, glavu katikati ya miguu yake. Jaji alivua kofia. Wale waliocheka wakapiga makofi kuliko wote.

Mlinzi alikwenda ukutani, kifua mbele.

"Geuka, umwone mwenye cheo."

Fundi akageuka, akatoa mfukoni mkanda mpya wa ngozi, laini, ulioshonwa kwa uzi mwekundu: MFUATA HARUFU.

"Uliushona jana?"

"Kabla ya lile jaribio la kwanza. Shangazi sijamtilia shaka hata siku moja."

"Basi siku ile ulikuwa unamwonyesha nani?"

"Wewe."

Mlinzi akacheka huku machozi yakimlenga. "Ulikosea. Na mimi pia."

"Sasa posa niipeleke kwa nani?"

"Kwa mkwe wako. Si huyo hapo?"

Shangazi alimnusa fundi: viatu, mikono, magoti. Kisha akaketi miguuni pake, kama siku ile stendi, na hakubanduka.