Fundi Cherehani Apata Dripu

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua chumba chake cha kazi, akafuta vumbi kwenye mashine, kisha akakaa kuitazama. Miezi minane sasa, baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole. Hata vifungo vya gauni lake alifungiwa na wifi yake. Kushona alikutamani mpaka usingizini, akiota anapima mabega ya wateja.

Vidonge havikumfaa vya kutosha. Daktari akamwandikia dawa ya kingamwili, ya kuzuia kinga ya mwili isishambulie viungo, inayoingia mwilini kwa dripu. Kwanza alimpima damu na kifua kikuu, kwa sababu dawa hiyo hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maradhi.

Siku ya dripu wifi alimsindikiza. Nesi alimpima joto na presha, akauliza, "Mama, una homa, kikohozi au kidonda? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Una mimba?"

"Mimba?" wifi akadakia. "Huyu ana wajukuu watatu."

Nesi akacheka. "Tunawauliza wanawake wote." Akaingiza sindano kwenye mshipa. "Dawa itaingia polepole, kama saa mbili. Ukisikia muwasho, baridi, kizunguzungu au kifua kubana, sema papo hapo. Usivumilie."

Nusu saa baadaye shingo ilianza kumuwasha. Kisha kifua kikawa kizito. Fundi akajikuna kwa siri. Aliwaza, nikisema watanikatia dawa, na kushona ndiyo basi tena.

"Wifi, mbona unajikuna?" wifi yake akauliza.

"Si kitu."

"Si kitu, na shingo yote imetoka vipele?"

Machozi yakamlengalenga fundi. "Mwite nesi."

Nesi alifika haraka, akasimamisha dripu, akamwita daktari. Wakampima presha tena, wakampa dawa ya kutuliza mzio.

"Ndiyo imekwisha?" fundi akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nataka kushona tu, mwanangu."

"Haijaisha, mama," nesi akajibu. "Umesema mapema, ndiyo maana tumeweza kukusaidia. Ungenyamaza, ungetuweka pabaya sote."

Mwili ulipotulia, daktari akaruhusu dawa iendelee, polepole zaidi. Ilipokwisha, fundi alibaki saa moja akiangaliwa.

"Nyumbani ukipata homa, vipele au kupumua kwa shida, njoo mara moja," nesi akamwambia. "Usingoje siku ya miadi. Na kabla ya chanjo yoyote, muulize daktari."

Safari ya pili alipewa dawa ya mzio kabla ya dripu. Hakuwashwa.

Wiki chache baada ya dripu ya tatu, wifi alisikia mashine ikilia. Akaenda kusimama mlangoni. Fundi alishona kidogo, akanyoosha vidole, akashona tena.

"Mshono umepinda," wifi akasema taratibu.

"Nauona," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Niache kwanza nishone."