Kofia Nyeupe Bondeni

Kofia ilikaliwa Alhamisi ya Wiki ya Mbio za farasi, siku ambayo wanawake wa mji wa Galway, Ireland, huvaa kama kesho haipo. Foleni ya mabasi ya kwenda mbioni ilikuwa imezunguka bustani ya katikati ya mji, manyoya na maua ya kitambaa yakipigana na upepo wa bahari. Dervla Hession, ndani ya gauni la samawati aliloliazima, aliinama kufunga ukanda wa kiatu. Alipoinuka, mwanamume mmoja mdogo wa umbo, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alikuwa ameketi juu ya boksi ambalo Dervla aliliweka chini.

"Kaka, umekalia nini hapo?"

"Kistuli." Akatazama chini. "Si kistuli?"

"Ilikuwa kofia."

"Na sasa?"

"Sasa ni sahani."

Foleni nzima ikacheka. Dervla hakucheka. Kofia ile ilikuwa ya mteja wa Bi Philomena, mwenye duka alikokuwa akishona, na mteja alikuwa akiisubiri getini.

"Nishikie pini," alisema wakiingia kwenye basi. "Kwa meno. Na usiongee."

Alishika pini kwa meno njia nzima, macho yakicheka, huku Dervla akiikunja ile sahani upande mmoja na kuibana. Mteja aliivaa imelala sikioni, akapigwa picha na magazeti.

"Unaona?" yule bwana alisema, midomo ikiwa huru hatimaye. "Makalio yangu yana kipaji. Naitwa Fintan Lally."

"Unafanya kazi gani, Fintan, mbali na kukalia mali za watu?"

"Nafanya kazi na farasi."

"Unawalisha?"

"Nawapanda."

Msichana wa Galway hawezi kuishia hapo. "Mbio za tambarare au za kuruka viunzi?"

"Viunzi."

Dervla alikuwa ameweka mkono begani mwake. Akauondoa.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa mtoto, baba yake alimbeba mabegani kwenye uwanja uleule, juu ya kilima, na farasi akaanguka kule bondeni ambako viunzi viwili vya mwisho vimekaribiana kama ngazi. Watu wakaja mbio na mapazia ya kijani, wakayasimamisha kumzunguka. "Baba, kuna nini nyuma ya pazia?" "Wanampa kivuli apumzike, mwanangu." Alikuwa binti mkubwa alipojua kwamba farasi yule hakuinuka. Tangu hapo hakuipenda rangi ya kijani, hata dukani utepe wa kijani aliwaachia wenzake.

Lakini moyo hauombi ruhusa. Mkono wa Fintan ulipona, akarudi kazini, na mapenzi yakaendelea kwa simu. Kila alikokwenda kupanda, mbio zikiisha alipiga.

"Kipenzi, nipo mzima."

"Mzima mzima?"

"Mwili mzima. Akili ni ileile ya kuazima."

Hapo ndipo Dervla alipokula chakula chake. Kabla ya simu hiyo hakikupita kooni.

Siku moja, Fintan akiwa na mbio za mbali zilizoonyeshwa kwenye televisheni, alimfundisha namna ya kumtafuta. "Mwenye farasi wetu akiingiza farasi wawili kwenye mbio moja, jezi zinafanana, za waridi na nyota za kijivu. Kofia ndizo zinatofautiana. Anayempanda farasi anayetegemewa zaidi, ya waridi. Wa yule mwingine, nyeupe. Anayetegemewa hupewa Manus, siku zote. Wewe tafuta nyeupe."

Manus Divilly alikuwa mkubwa wake kazini na rafiki yake, mtu wa pua iliyovunjika mara nyingi hata ikasahau njia yake. Mkewe, Una, alikuwa na mtoto wa miezi michache, na desturi ya ajabu: alikwenda kila mbio za mumewe, na hakuwahi kutazama hata moja. Alitazama viatu vyake.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, wakitembea ufukweni Salthill hadi kwenye ule ukuta ambao kila mtu huupiga teke kabla ya kugeuka kurudi, Fintan alimshika mkono.

"Dervla, nioe."

"Mwanamume ndiye anayeoa, we mjinga."

"Basi nikuoe. Nijibu kabla hujapiga ukuta."

Dervla akautazama ukuta. Mguu ulikataa kuinuka. "Nitakujibu baada ya Wiki ya Mbio," alisema, akageuka bila kuupiga. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao na mbwa wake akaguna kwa mshtuko.

Kisha, wiki moja kabla ya mbio, simu ililia dukani, Dervla akiwa na uzi mdomoni.

"Mpenzi, wamenipa farasi wa Jumatano. Mbio kubwa zenyewe!"

"Farasi gani?"

"Mvua ya Jumapili."

Uzi ukamtoka mdomoni. Mji mzima ulimjua Mvua ya Jumapili. Alikimbia kama moto na aliruka kama mlevi avukaye mtaro.

"Fintan, huyo ameshaangusha watu."

"Nikimkalia vizuri haanguki."

"Hata kofia yangu uliikalia vizuri." Aliuokota uzi. "Hivi hii Wiki ya Mbio, sifa zote hizi za nini? Hoteli zinapandisha bei hadi watu wanalala ndani ya magari. Walevi wamejaa nyasini kama kondoo. Halafu nyinyi mnavunjwa mifupa ili wao wapate cha kuzungumza baani. Ndiyo sherehe hiyo?"

"Na kofia zake unashona wewe."

"Nashona nile!"

"Na mimi je?" Fintan akapunguza sauti. "Dervla, hujawahi kusimama pale juu farasi wakitoka bondeni na watu wote wanapiga kelele kama mtu mmoja. Wewe unaangalia mapazia tu. Ulishika mapazia tangu utotoni, hukuyaachia."

"Ukimpanda huyo, usinipigie. Usinipigie kabisa."

Akakata. Alitegemea atapigiwa palepale. Simu ililala juu ya meza kama kiatu.

Haikulia kesho yake, wala siku zilizofuata. Dervla alikataa kusoma magazeti, akazima redio ya dukani kila ilipoanza kutaja farasi.

"Mwanangu," Bi Philomena alimwambia, miwani kwenye ncha ya pua, "umeshona ua hili kichwa chini. Mpigie."

"Nilimwambia asinipigie."

"Wewe hukukatazwa kupiga."

Hakupiga. Jumatano mchana aliyepiga simu alikuwa mtu mwingine: Una.

"Shoga, leo njoo ukae nami, nakusihi," Una alisema, mtoto akilia nyuma yake. "Leo wote wawili wamo. Viatu pekee havitanitosha."

Dervla akaenda. Alivaa koti la kila siku, bila kofia, mshona kofia pekee uwanjani aliye kichwa wazi. Walichelewa kwa sababu ya kigari cha mtoto, wakakuta farasi wameshatoka kwenda kwenye mstari wa kuanzia. Wakasimama kwenye kamba, mahali nyasi zinapoanza kuteremka kuelekea bondeni. Mvua nyepesi ilipita ikaondoka. Harufu ya viazi vya kukaanga, bia na nyasi zilizokanyagwa ilimkaba Dervla.

"Utanitazamia?" Una aliuliza, macho tayari chini. "Niambie tu kofia."

"Nitakutazamia."

Farasi wakaondoka. Ardhi ilitetemeka hadi kwenye nyayo.

"Waridi yuko mbele, anakwenda vizuri," Dervla alisema. "Nyeupe katikati."

"Endelea."

"Waridi ameruka. Nyeupe ameruka. Ah! Amegonga... hapana, yupo." Mzunguko wa mwisho ulikuja, kelele zikapanda jukwaani, na kundi zima likaanza kuteremka. Kwenye mteremko ule mtu huona kofia tu, zinaruka juu na chini kama maua yaliyotupwa mtoni. Ya waridi ilishuka. Nyeupe ikashuka.

Ya waridi ikapanda.

"Mvua ya Jumapili ameanguka!" mtangazaji alilia kwenye vipaza sauti, kisha sauti yake ikazama ndani ya kelele za watu.

Una alikuwa amemshika Dervla mkono, kucha ndani ya ngozi. "Wangu? Dervla, wangu?"

"Wako yuko salama," Dervla alisema. "Waridi anapanda. Aliyeanguka ni wangu."

Una alishusha pumzi ndefu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwema, akaona haya ya pumzi ile, akamkumbatia mwenzake. "Jamani, mdogo wangu. Twende. Twende nikushike."

Walikimbia kando ya kamba, kigari kikiruka kwenye mashimo, mtoto akicheka kwa raha ya kurukaruka. Kule juu kelele zilikuwa za ushindi. Huku chini mapazia ya kijani yalikuwa yanasimamishwa.

"Dada, huwezi kupita," msimamizi alisema, mikono imenyooshwa.

"Ni mchumba wangu!"

Neno hilo lilimtoka lenyewe. Hakuwahi kulitamka. Sasa alilitamka mbele ya pazia.

"Dada, tafadhali, daktari yupo naye."

Chini ya pazia ilionekana buti moja, haisogei. Kofia nyeupe ilikuwa imelala nyasini, imepondwa. *Sasa ni sahani*, akili yake ilimwambia, akadhani atatapika. Una alikuwa amemshikilia kiunoni kwa mkono mmoja na kigari kwa mwingine, akimnong'oneza, "Pumua. Pumua, kipenzi. Nipo nawe."

Ndipo akamwona mtu anayeteremka kilima mbio. Alikuwa amevaa jezi ya waridi yenye nyota, kofia ya waridi, uso mzima matope, na alikimbia vibaya na buti zile, akiteleza, akiinuka. Watu wawili walikuwa nyuma yake wakimwita arudi. Alivua kofia.

Alikuwa Fintan.

Kuna furaha ambayo mtu hapendi kuijua ndani yake. Ilimpasua Dervla kifua, nyeupe na kali, kabla hajafikiri lolote. Alikuwa mzima, mzima mzima! Kisha mkono uliokuwa kiunoni mwake ukalegea, akageuka, akaona uso wa Una.

"Una," Fintan alisema, anahema. "Manus alinichukulia farasi, akanipa wake. Nilimweleza habari za Dervla, akaenda kwa mkufunzi kabla majina ya wapandaji hayajapelekwa. Alisema, 'Mke wangu keshazoea hofu. Huyo wako bado.' Una, nisamehe."

Una hakulia. Alimpa Dervla kigari, akainama chini ya mkono wa msimamizi, akapita nyuma ya pazia.

Hapo kipaza sauti kikazungumza tena. Aliyeshinda, mwenye kofia ya waridi, hakufika kwenye mizani. Kila mwanafunzi wa kazi ile anajua: ukishuka kwenye farasi unakwenda kupimwa uzito na tandiko lako, huongei na mtu, hugusi kitu. Fintan alikuwa amempa mtunza farasi hatamu, akageuka mbio. Ushindi wake ulifutwa pale pale, mbele ya watu wote, na wala hakuinua kichwa kusikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa pazia, mkono wake ukiwa ndani, umeshika kitu. Ile buti.

Na jukwaa lote, walevi wale, manyoya yale, hoteli zile, lilinyamaza. Watu walivua kofia, moja moja, hadi juu kabisa. Dervla alisikia mtoto akinyonya kidole. Hakuna aliyerudi kwenye bia yake hadi gari la wagonjwa lilipotoka getini.

Hospitalini, dirisha bado lina jua la kiangazi, daktari alisema nyonga ya Manus imevunjika na pafu moja limeumia, lakini ataishi. Kupanda tena, hakuahidi. Dervla alikuwa amemlaza mtoto kifuani, uzito mdogo wa moto, usioogopa chochote.

"Nilikwambia wako yuko salama," alimwambia Una koridoni. "Nilikudanganya."

"Ulinipa dakika chache za kupumua. Usininyang'anye."

"Na nilifurahi. Alipovua kofia... nilifurahi, Una."

"Nilikuona." Una akamchukua mtoto. "Uso wako ulifunguka kama mlango. Na uso wangu ulifunguka ulipodhani aliyeanguka ni wako. Tumelipana, shoga. Ndivyo tunavyoishi sisi, ila huwa hatusimami karibu hivyo."

Ndani, Manus alifungua jicho moja. "Nani ameshinda?"

"Hakuna unayemjua," mkewe alimjibu, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Jumapili asubuhi simu ya Dervla ililia.

"Nilikatazwa kupiga," sauti ilisema.

"Uko wapi?"

"Ukutani."

Alimkuta Salthill ameegemea ukuta, shati jeupe, jicho limevimba. Mji ulikuwa ukifagia chupa na manyoya yaliyokanyagwa. Walitazamana kama watu waliotoka safari tofauti.

"Kwa nini hukuniambia umebadilisha farasi?"

"Nilitaka uje hata ukidhani nampanda Mvua ya Jumapili," Fintan alisema. "Upumbavu."

"Upumbavu kabisa."

"Nikiacha kupanda, utanioa? Sema tu."

Dervla aliangalia bahari. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini, tamu. Lakini alimwona tena akiteremka kilima, ushindi wake ukifutwa nyuma yake.

"Sifa zile za kofia na bia, ni uongo," alisema taratibu. "Bado nasema. Lakini walivua kofia wote, Fintan. Hata walevi. Hilo sikuwahi kulisikia likisifiwa." Akamgeukia. "Ninaogopa. Nitaogopa kila Jumatano ya maisha yangu. Usiache kwa ajili yangu, halafu unitazame mezani kama mtu aliyefiwa. Siku ukitaka kuacha, acha mwenyewe."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Una hutazama viatu. Mimi nitatazama mbio. Na utapiga simu kabla hujavua buti."

"Dervla, hujanijibu."

"Sogea kidogo, basi," alisema. "Umesimama mahali pangu pa kupiga."

Akasogea. Dervla akavuta pumzi, akaupiga ukuta teke kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hata kiatu kikamtoka.