Bibi Gia na Prosesa Isiyoingia

Kila asubuhi Bibi Gia alichemsha chai, akakaa dirishani kuangalia malori yakipita barabara kuu. Kuangalia ni neno tu, kwa kweli alikuwa anasikiliza. Lori likipanda kilima kwa shida, alimsemesha dereva ambaye hata hamsikii: "Shusha gia, mwanangu. Unaiua injini hiyo." Majirani wakamwita Bibi Gia, na jina likamganda.

Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote. Alipoanza, wanaume walikuwa wakiona mwanamke kwenye usukani wanasimama pembeni kucheka. Walicheka mpaka wakachoka, yeye akaendelea kuendesha. Kisha nyonga ya kushoto ikaharibika. Daktari akasema lori basi. Bibi Gia akabaki na fimbo na dirisha.

Mlango wa pili alikaa dada mmoja, fundi wa kompyuta za hospitali. Siku moja fundi huyo alimkaribisha Bibi kwake, akamwonyesha gemu ya kuendesha malori. Ilikuwa na usukani wa kuchomeka, na barabara ndefu, na mvua inayopiga kioo. Bibi Gia aliushika ule usukani. Akashusha gia kwenye kilima cha kwanza, kisha cha pili. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa.

"Na mimi nataka ya kwangu," alisema.

Fundi alifurahi. Akamwambia asinunue chochote peke yake, Jumapili akiwa na nafasi watakwenda dukani pamoja. Bibi akaitikia vizuri. Lakini moyoni alisema, nani alinisindikiza mimi safari zote zile?

Sasa, Bibi Gia alikuwa na kifungua mimba wake, muuza vitambaa, kijana mwenye mapenzi na mama yake lakini mwenye hofu ya midomo ya watu. Jumamosi moja alikuja na sanduku kubwa la nguo, tupu. Akasema nyumbani kwake chumba kimeshaandaliwa, mama aje akae, ale, alale, apumzike. Bibi akajibu kwamba hajachoka, anataka kuunda kompyuta ya gemu.

Kijana alicheka kwanza. Alipoona mama hacheki, akaweka sanduku chini.

"Mama, mtu mzima na gemu? Watu watasema nini?"

"Waseme. Midomo ni yao, na nyumba ni yangu."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho Bibi Gia akaigonga fimbo sakafuni. Akasema Jumamosi ijayo kompyuta hiyo itakuwa juu ya meza. Ikiwaka, yeye anabaki kwake na habari ya chumba imekwisha. Isipowaka, atapanga nguo zake mwenyewe kwenye lile sanduku na hatafungua mdomo. Kijana akakubali. Sanduku aliliacha pembeni mwa kabati, mahali ambapo mama yake angeliona kila akiamka.

Jumapili fundi aliitwa hospitalini kazini, na Jumatatu asubuhi Bibi Gia hakumngoja mtu. Alikwenda dukani.

Muuzaji alikuwa na maneno mengi kama redio. Alimweleza kwamba prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Bibi akasema, "Kumbe ndiyo injini. Basi nipe kubwa kuliko zote." Muuzaji akampa. Kisha akashusha ubao mama kutoka rafu ya juu, ubao mpana ambao vipande vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Ulikuwa na vumbi. Bibi akauliza kama unafaa, akaambiwa huo unapokea prosesa yoyote duniani. Akapewa na kijiti kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ubao ule siku hiyo ulitembezwa kweli kweli. Yaani Bibi Gia, aliyekuwa hawashi lori kabla ya kulizunguka na kugonga kila tairi, alibeba maboksi yale bila kusoma hata moja.

Nyumbani alitandika kitambaa mezani, akaanza. Prosesa haikukaa. Akaigeuza huku, haikukaa. Akaigeuza kule, haikukaa. Kijiti cha RAM nacho kilikuwa na kibonde kidogo kwenye ukingo wake, na kibonde hicho kilikataa kulingana na tundu la ubao. Bibi akapandwa na hasira. Akaweka kidole gumba juu ya prosesa ili aikandamize iingie, itake isitake.

Mlangoni fundi alipiga hodi, akachungulia.

"Bibi, usibonyeze," alisema taratibu.

Bibi akatoa kidole. Fundi akaketi, akamwonyesha pale katikati ya ubao. Palikuwa na pini nyembamba mno, nyingi, zimesimama kwa mistari. Angebonyeza, zingepinda, na ubao ungekuwa wa kutupa.

"Nilitaka kujua mwenyewe," Bibi Gia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alilitazama sanduku pembeni mwa kabati, na kwa mara ya kwanza aliliogopa.

Fundi hakumsimanga. Alimuuliza: ukiwa na injini ya lori moja, unaweza kuifunga kwenye lori lolote? Bibi akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema hata mtoto anajua kwamba injini ina mahali pake pa kushikia, na mashimo ya bolti yasipolingana hata ulie haikai.

"Basi mahali pa kushikia prosesa panaitwa soketi," fundi alisema. "Kila soketi ina jina lake. Jina la soketi ya prosesa na jina la soketi ya ubao lazima yawe mamoja. Yakitofautiana hata kidogo, usinunue."

Akaendelea. RAM nayo ina vizazi, na ubao ndio unaochagua. Ubao wa kizazi cha tano haupokei RAM ya kizazi cha nne. Ndiyo maana kibonde kilikataa. Na ni afadhali kununua vijiti viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu prosesa huvitumia vyote viwili kwa pamoja, kazi ikaenda haraka.

Bibi alisikiliza, mkono shavuni. Kisha akauliza hiyo prosesa kubwa kuliko zote ilikuwa na haja gani. Fundi akacheka. Akasema mtu huanza na gemu anayoitaka, maana kila gemu huandikiwa inahitaji nini. Gemu ya malori inatosheka na prosesa ya kati. Kinachochora barabara na mvua ni kadi ya picha, na ukimaliza pesa zako zote kwenye prosesa, kadi utanunua kwa macho. Halafu prosesa kubwa ina joto kali, inataka feni kubwa pia.

"Kwa hiyo nilinunua injini ya meli nikaifunge kwenye mkokoteni," Bibi Gia alisema, akainuka. "Nipe fimbo yangu."

Dukani muuzaji aliwaonyesha maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi alitaka kubishana. Bibi Gia akamzuia. Akavuta kiti, akakiweka karibu na kaunta, akaketi, nyonga yake ikatulia.

Hakupiga kelele. Kila mteja aliyeingia alimsalimia vizuri, akamuuliza ananunua nini. Akisema ni prosesa, Bibi alimwambia asome kwanza jina la soketi. "Huyu mwanangu anasema ubao wake unapokea prosesa yoyote. Mwambie akuonyeshe." Mteja mmoja akaomba aonyeshwe. Hakuonyeshwa, akaondoka. Wa pili naye akala kona.

"Bibi, unaniharibia biashara," muuzaji alisema.

"Sikuharibii. Chukua prosesa hii na ubao huu, viunganishe mbele ya macho yangu. Vikiungana, nakuomba radhi na ninakwenda zangu. Visipoungana, sitoki hapa, na mimi nimeshakaa kwenye foleni ya mizani ya malori tangu wewe hujazaliwa."

Muuzaji alivitazama vile vitu. Akamtazama Bibi. Kisha akaleta ngazi, akapanda rafuni kuwashushia vingine.

Safari hii Bibi Gia alivaa miwani na kusoma kila boksi mwenyewe, pande zote. Prosesa ya kati, soketi hii. Ubao, soketi hiyo hiyo. Ubao unataka RAM ya kizazi cha tano, basi vijiti viwili vya kizazi cha tano. Fundi aliuliza jambo moja tu, kama programu iliyo ndani ya ubao inaitambua prosesa hiyo, kwa sababu ubao uliotengenezwa zamani unaweza kuwa na soketi sawa na bado usiitambue prosesa mpya. Wakahakikisha. Pesa zilizobaki kwa kuacha ile prosesa kubwa zikaingia kwenye kadi ya picha, kioo cha kompyuta na usukani wa kuchomeka.

Kuunganisha aliunganisha Bibi mwenyewe, fundi akimulika tochi. Kwenye kona ya prosesa palikuwa na pembetatu ndogo, na kwenye soketi pembetatu kama hiyo. Alipozilinganisha, prosesa ilikaa yenyewe, bila nguvu. Vijiti vya RAM aliviweka kwenye matundu ambayo kitabu cha ubao kilisema, akakandamiza mpaka vishikizo vikalia tak. Fundi akamwonya kwamba mara ya kwanza kompyuta inaweza kukaa kimya dakika kadhaa ikijipima na RAM yake. Asiizime.

Jumamosi kifungua mimba alifika. Bibi Gia aliizunguka meza kwa fimbo yake, akakagua kila waya, kisha akabonyeza.

Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Wakangoja. Kioo cheusi. Kijana akakohoa, akaliendea sanduku, akalifungua. Alisema kwa upole kwamba mama amejitahidi, hakuna aibu. Kisha akanyoosha mkono aizime ile kompyuta. Fimbo ikamgonga vidole.

"Usiguse. Mimi nimepasha moto injini za dizeli asubuhi za baridi. Najua kungoja."

Lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye lile sanduku lililofunguliwa. Feni ziliendelea kuvuma. Halafu maandishi meupe yakatokea kwenye kioo, na Bibi Gia akashusha pumzi ambayo sijui aliibana tangu lini.

Fundi aliitwa, akaingiza gemu, na Bibi akakaa kwenye usukani. Nyonga ikamuuma. Akamwambia mwanawe afunge lile sanduku na alilete. Kijana akalileta. Bibi akaliingiza chini ya meza, akaweka juu yake mguu wa kushoto.

"Kaa hapa kando yangu, tunaondoka," alisema.

Kijana akakaa. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga sakafu kwa nguvu, akitafuta breki.

Siku hizi mtu wa mtaa ule akitaka kununua kompyuta hupita kwanza dirishani kwa Bibi Gia, naye humuuliza: gemu gani, soketi gani, RAM ya kizazi gani? Kijana huja kila Jumamosi. Chumba alichomwandalia mama yake amekijaza vitambaa, na sanduku lake hajaliulizia tena.