Chombo Kwenye Wimbo wa Sita

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano, mhariri wa tovuti ya uhakiki wa muziki alifungua ofisi yake ya ghorofa ya pili akamkuta mhakiki wake mkuu amelalia meza, waya wa hedifoni umemzunguka shingo mara mbili. Alipiga simu polisi. Kabla ya hapo, lakini, alipiga picha. Inspekta, mama wa makamo asiyependa kupotezewa muda, aliiona picha hiyo na kumwamuru aifute mbele yake, na mtu mzima na ndevu zake akafuta bila kunung'unika.

Marehemu waliyemwita Wembe alilipenda sana jina lake. Kila Jumatano saa kumi na mbili kamili asubuhi alitoa uhakiki mmoja, na ikifika saa moja lazima kuna mtu analia mahali. Mashabiki walimchukia kufa. Matusi waliyazoea, kilichowachoma roho ni kwamba, kwa maneno yao, jamaa hasikilizi. Anatazama jalada, anagawa alama, anakwenda zake kunywa chai. Wembe naye alikuwa mchokozi. Wenye malalamiko aliwapokea ana kwa ana, mlango wazi kuanzia saa moja, kisha akaandika jinsi walivyotetemeka midomo.

Asubuhi hiyo alikuwa amemchinja binti mmoja ambaye albamu yake ya kwanza ilikuwa itoke Ijumaa. Mbili kwa kumi. Sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa, aliandika.

Saa tatu mtuhumiwa alikuwa ndani. Kiongozi wa mashabiki wa binti huyo, fundi simu waliyemwita Mwenyekiti, alikuwa ameandika hadharani saa kumi na mbili na robo: "Leo nakuja kukufunga huo mdomo." Mlinzi alimwona getini saa moja na robo. Wengine mlinzi hakuwakumbuka; jengo lina daktari wa meno, watu wanaingia na kutoka. Basi ikatosha. Waliomkamata Mwenyekiti walimpiga kabla hajauliza kosa, na mkuu wa kituo akatangaza kwamba saa nane mchana kijana anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Huko kesi ya mauaji mwisho wake ni kamba, na Mwenyekiti alilijua hilo vizuri.

Inspekta alimkuta jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Ulifuata nini pale?"

"Kumtukana, mama. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika getini yote yakanitoka, nikarudi dukani."

"Hiyo albamu umeisikia?"

Alisita, kisha akakiri. Nakala iliyovuja walikuwa nayo kundi zima tangu Jumatatu, na yeye alishaikariri wimbo kwa wimbo. Aliomba mwimbaji asiambiwe, maana angeona wamemwibia. Shingo yake iko hatarini, yeye anawaza kumkera mwimbaji! Ndivyo mashabiki walivyo, Mungu awasaidie.

Saa tano Inspekta alirudi ofisini. Mhariri akamwonyesha kwamba tovuti yao hutunza kila badiliko na muda wake. Tangu uhakiki ule utoke, ulikuwa umeguswa mara moja tu, saa moja na dakika ishirini na mbili, kwa kompyuta hiyohiyo ya Wembe. Neno moja tu. Wembe alikuwa ameandika kwamba kitu pekee cha kusikiliza kwenye albamu nzima ni mwanzo wa wimbo wa sita, pale kwenye kinanda. Mtu amefuta "kinanda" akaandika "filimbi". Matusi yote ameyaacha. Mbili kwa kumi ameiacha.

Inspekta alidhani marehemu alijisahihisha. Akaomba hedifoni nyingine, akausikiliza wimbo wa sita mwanzo mwisho. Kinanda. Hata mtu mwenye masikio ya kuazima asingekosea. Kompyuta ilionyesha kwamba Wembe aliupiga wimbo huo mara nne, ya mwisho asubuhi hiyo, saa moja na dakika kumi na nne.

"Kumbe alikuwa anasikiliza," alisema.

"Kila kitu, mpaka sekunde ya mwisho," mhariri akajibu. "Ule uvumi tuliuacha uenee. Hasira inaleta wasomaji."

Inspekta alimtazama kama anayetazama kitu kwenye soli ya kiatu, kisha akakaa kufikiri. Mwenyekiti alikuwa ameukariri wimbo. Asingeandika filimbi hata kwa kulazimishwa. Mhariri naye alikuwa na wimbo huo. Aliyebadilisha hakuwahi kuusikia, na bado alikuwa na uhakika.

Saa sita na nusu alibisha nyumbani kwa mwimbaji. Binti alikuwa amevimba macho. Pembeni yake alikaa baba yake, seremala mwenye viganja vipana, akifuta filimbi kwa kitambaa. Mzee alisema hajaisikia albamu bado. "Mwanangu kaniambia tuisikilize pamoja Ijumaa."

"Wimbo wa sita, mwanzoni, nani anapiga?"

"Mimi," mzee alisema haraka, kifua mbele. Binti akatazama sakafu.

"Na asubuhi saa moja ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Hapahapa."

"Baba," binti alisema polepole, "ulitoka. Ulisema unafuata misumari."

Mzee hakubisha tena. Alisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza kabati lilivyovunjika. Alikwenda kuomba neno moja tu lirekebishwe. Wembe alicheka, akasema amesikiliza na ni kinanda, akaupiga wimbo na kumnyooshea hedifoni avae mwenyewe.

"Matusi nilimwachia. Alama nilimwachia, hayo ni maoni yake," alisema. "Filimbi si maoni. Ile ni pumzi yangu. Nikajua ananifanya mjinga, nikazitumia hizo hedifoni zake nilivyoona. Ukurasa ulikuwa wazi, nikasahihisha."

"Na kijana aliyeko ndani? Ulijua atanyongwa?"

"Nilisikia redioni. Nilipanga kuja Jumamosi." Akakunja kitambaa. "Nilitaka niisikie kwanza."

Inspekta angeweza kumfunga pingu na kuondoka. Lakini alikumbuka jicho la Mwenyekiti, na roho ikamwambia asimhurumie mzee. Akamgeukia binti. "Mwambie."

"Ni kinanda, baba. Pumzi yako ilikuwa inakatika. Tulirudia siku mbili, haikuwezekana. Prodyuza akakufuta, akaweka kinanda. Nilishindwa kukwambia."

Inspekta aliweka simu mezani akaupiga wimbo alioutoa ofisini kwa Wembe. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, akisubiri pale anapopajua. Pakafika, pakapita. Hapakuwa na filimbi.

"Yule mtu hakukudanganya," Inspekta alisema. "Alisikiliza mara nne. Ya mwisho alikuwa anakuwekea wewe."

Hakuna aliyenyoosha mkono kuuzima, wimbo ukaenda mpaka mwisho. Mzee alitoa mikono yote miwili ifungwe. Mlangoni akageuka.

"Na Ijumaa ungeniambia nini?"

"Nilikuwa nikuombe msamaha," binti alisema. "Nilidhani utanielewa."