Sensa ya Jipu la Shangazi Sajila

Kila siku akitoka shule, Rabail alivua sare, akala mkate wa mahindi na mboga ya haradali jikoni kwa mama yake, kisha akavuka ua mpaka gereji ya baba yake. Gereji hiyo ilikuwa kando ya barabara itokayo mji wa Ahmadpur kuelekea jangwa la Cholistan. Baba yake, Wasaya, alikuwa fundi wa injini. Rabail alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na watu walisema alijua majina ya spana kabla hajajua kuhesabu.

Majira yale ya baridi gereji nzima ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni gari la Shangazi Sajila, jipu. Dada huyo wa Wasaya alifundisha hisabati katika shule ya wasichana, lakini kila mwezi wa Februari alifunga mtandio wake vizuri, akavaa kofia ngumu na kuingia kwenye mbio za magari za jangwani, upande wa wanawake. Jipu lake lilikuwa kuukuu. Wasaya alikuwa amelitia injini nyingine na kuifungia turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa nyingi ili ipate nguvu.

Mwaka uliopita jipu hilo lilikuwa likiongoza. Katikati ya mbio injini ikaanza kugonga kama sufuria iliyojaa mawe, kisha ikazima. Walipoifungua walikuta pistoni imeyeyuka na kutoboka. Hewa ilikuwa imezidi, petroli ikapungua, na moto ukawa mkali kupita kiasi. Shangazi Sajila alirudi nyumbani akivutwa kwa kamba nyuma ya trekta, na watoto wa mtaani wakamzomea.

"Mwaka huu hatuendi kama vipofu," alisema Wasaya, akafungua kiboksi kidogo. Ndani mlikuwa na kitu kama plagi, chenye waya mrefu. "Hiki ni kihisi cha oksijeni. Sisi mafundi tunakiita sensa tu. Kinakaa kwenye bomba la moshi, kinaunusa moshi, kisha geji inatuambia injini inakula hewa kiasi gani na petroli kiasi gani. Sensa za kawaida zinajua 'zaidi' na 'pungufu' tu. Hii inataja kiasi chenyewe. Namba ikipanda, petroli ni kidogo. Ikishuka, petroli ni nyingi."

"Nani ataifunga, Baba?" Rabail aliuliza, macho yakimng'aa.

"Wewe. Mimi nitachomelea, wewe utafunga."

Kicheko kilisikika kutoka upande wa pili wa jipu. Kilikuwa cha Mureed, mtoto wa baba yake mkubwa, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akifunga magurudumu. "Haya, mama injinia! Baba mdogo, tumwite na daktari kabisa, maana atatuua mtu huyu."

"Wewe funga nati zako," alijibu Rabail. "Nitamaliza kabla yako."

"Umalize kabla yangu? Ukimaliza kabla yangu, nitabeba mkoba wako wa shule wiki nzima, peupe, watu wote wakiona!"

"Shika maneno yako hayo hayo!"

Wasaya alifungua bomba la moshi kutoka kwenye turbo, akalitoboa na kuchomelea kikalio cha kufungia sensa upande wa juu. "Ukiiweka chini," alimwambia binti yake, "maji ya mvuke yatatuama juu yake, na ndani yake mna kigae kama cha kikombe cha chai. Kikipatwa na maji kikiwa cha moto, kinapasuka. Kwa hiyo ishike kama unavyoshika yai." Kisha akamkabidhi kisu butu cha kukwangulia. "Sasa hapa bomba linapokutana na turbo, kwangua gasketi ya zamani yote mpaka uone chuma cheupe. Ndipo uweke gasketi mpya. Pakibaki uchafu, hewa itapenya."

Gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu inayoziba maungio, ilikuwa imegandia kwenye chuma kama ukoko wa wali. Rabail alikwangua, akakwangua. Baridi iliuma, vidole vikafa ganzi. Upande wa mbele ulitakata, lakini upande wa nyuma, ambako mkono haukufika vizuri, ukoko ulibaki mweusi. Akamsikia Mureed akiimba, "La mwisho hilooo!" huku akilivingirisha gurudumu la mwisho. Rabail akautazama ule ukoko. Akaweka gasketi mpya juu yake, akakaza bolti, kisha akaifunga sensa kwa uangalifu na kuupitisha waya mbali na joto.

"Nimemaliza!" alipaza sauti. Mureed alikuwa bado na nati mbili mkononi.

Wasaya alikuja kukagua. Aliitikisa sensa, akaufuata waya mpaka kwenye dashibodi. "Safi sana. Kule ulikwangua mpaka chuma cheupe?"

"Ndiyo, Baba," alisema Rabail, akainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Injini iliwashwa. Namba ikatokea kwenye geji, na watu wote wakaegemea madirisha ya jipu kuitazama. Ilipaswa kutulia kwenye kumi na nne na kitu. Badala yake ilipanda hadi kumi na saba.

"Ina njaa ya petroli," alisema Wasaya. Akafungua laptopu yake na kuiamuru injini ijiongezee petroli. Namba ikashuka kidogo tu. Akaongeza tena, na tena. Mwishowe moshi mweusi ukatoka nyuma, ukawafanya wakohoe, lakini geji bado ililia njaa.

Shangazi Sajila, aliyekuwa amefika na flaski ya chai, alikunja uso. "Kaka, hesabu hii haiingii akilini. Moshi unasema injini imeshiba mpaka inatapika, geji inasema ina njaa. Mmoja wao ni mwongo."

"Sensa ndiyo mbovu," alisema Mureed. "Shangazi, waliotuuzia wametupiga. Itoeni."

Wasaya alifuta mikono polepole. Mbio zilikuwa keshokutwa. "Basi tuing'oe," alisema kwa unyonge. "Tutakwenda kwa kubahatisha, kama mwaka jana. Sajila, ukisikia inagonga, ondoa mguu haraka."

Rabail alijua ukweli ulikuwa wapi na uongo ulikuwa wapi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini akamwona shangazi yake katikati ya jangwa, nyuma ya trekta, akizomewa. Akamwona akiwa peke yake na injini inayowaka. Machozi yakamjaa.

"Baba, usiing'oe. Sensa si mbovu. Mimi ndiye mwongo."

Wote wakamgeukia.

"Sikukwangua upande wa nyuma. Nilitaka kumshinda Mureed. Gasketi imekaa juu ya ukoko."

Wasaya alizima injini, akasubiri bomba lipoe, kisha akachukua bakuli la maji ya sabuni, akamwagia kidogo kwenye maungio ya bomba kabla chuma hakijapata joto tena, na kumwambia Mureed awashe injini. Upande wa nyuma mapovu yalichemka kama maziwa jikoni.

"Moshi unatoka hapa," alisema Wasaya, "na kati ya pigo moja la injini na lingine, hewa ya nje inaingia. Sensa ilinusa hewa hiyo ikadhani injini ina njaa. Ilisema ilichokiona." Hakumgombeza. Alimpa kile kisu butu. "Fungua. Anza upya."

Safari hii Rabail alijilaza chini ya jipu mpaka mgongo ukalowa baridi. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akakipapasa kwa kidole mzunguko wote. Mureed alimshikia taa bila kuambiwa. "Hapo kuna doa," alisema mara moja, kwa sauti ya chini, na Rabail akaliondoa. Gasketi nyingine ikawekwa, Wasaya akarudisha petroli kama ilivyokuwa, injini ikawashwa.

Kumi na nne nukta saba. Namba ikatulia palepale.

Mureed akapiga makofi. Lakini Wasaya alisema kazi haijaisha, akampakia Shangazi Sajila kwenye usukani na Rabail nyuma, wakatoka hadi barabara tupu ya mchanga. "Kanyaga," alisema. Turbo ikapiga mluzi, jipu likaruka mbele. Rabail alitazama geji bila kupepesa. Injini ikivuta kwa nguvu zote inahitaji petroli zaidi, hivyo namba ilipaswa kubaki chini ya kumi na mbili. Ikawa kumi na mbili, kumi na tatu...

"Inapanda! Shangazi, achia!"

Shangazi Sajila aliondoa mguu papo hapo. Wasaya akashuka, akafungua filta ya petroli, akaigonga kiganjani. Ulimwagika mchanga mwekundu wa mwaka jana. Akaitupa, akafunga filta mpya.

"Kumbe mchanga huu ndio ulioila pistoni yetu," alisema Shangazi Sajila. "Na tungeing'oa sensa, ungekula nyingine."

Siku ya mbio baridi ilikuwa kali na ukungu ukachelewa kuinuka. Magari yaliondoka moja baada ya jingine, yakapotea nyuma ya vilima vya mchanga. Rabail alisimama karibu na mstari wa kumalizia pamoja na baba yake na Mureed, katikati ya wapiga ngoma na ngamia waliopambwa. Gari la kwanza likarudi, halafu la pili. Rabail aliuma mtandio wake.

Ndipo wingu la vumbi likainuka, na ndani yake mluzi ule wa turbo, safi, bila kugonga hata mara moja. Jipu liliruka kilima cha mwisho, likatua, likavuka mstari. Muda wake uliposomwa kwenye kipaza sauti, Mureed ndiye aliyepiga kelele kwanza: lilikuwa limewaacha mbali wanawake wote, na hata nusu ya wanaume.

Shangazi Sajila alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi viatuni. Akamnyanyua Rabail na kumsimamisha juu ya boneti mbele za watu.

"Huyu ndiye fundi wangu wa sensa!"

"Lakini Shangazi, mimi ndiye niliyeharibu," Rabail alisema.

"Ndiyo, uliharibu," alijibu Wasaya, akimshika mkono asiteleze. "Na kwa kazi yetu hii, mwanangu, kila fundi ataharibu siku moja. Uvivu wa dakika chache ulitupotezea jioni nzima, usisahau hilo. Lakini kosa likisemwa, linatengenezeka. Kosa likifichwa, hata chombo cha kweli kitaonekana kibovu, na watu watakitupa. Ukweli wako ndio uliotufikisha hapa."

Ngoma zikashika kasi. Mureed akaanza kucheza, mikono juu, akamvuta Baba mdogo wake naye acheze. Shangazi Sajila alimrushia Rabail kofia yake ngumu, akaingia kwenye usukani.

"Panda mbele, binti! Tunapita mjini, na wale waliozomea mwaka jana leo watapisha njia!"