Mama Kwenye Maji Marefu

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa na sakafu ikishapigwa deki, Pomboo na mama yake walichukua mifuko yao na kwenda kwenye bwawa la kuogelea la umma. Pomboo halikuwa jina lake halisi. Wenzake wa timu ya shule walimpa jina hilo kwa sababu aliteleza majini bila kurusha maji ovyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Mama alikuwa mpishi katika jiko la hospitali. Miaka mingi ya kusimama kwenye sakafu ya saruji na kuinua masufuria mazito ilikuwa imeuchosha mgongo wake. Alipopanda ngazi za nyumbani ilimbidi asimame katikati avute pumzi. Daktari alimshauri aogelee. Mama alijua kuogelea, lakini kwa kiasi cha kutozama tu.

Bwawa lile lilikuwa na sheria moja iliyobandikwa ukutani. Mtu mzima aliyetaka kutumia maji marefu alipaswa kuwa na kibali. Ili akipate, aliogelea kwa mtindo huru mpaka mwisho wa bwawa na kurudi, bila kushika kamba inayotenganisha njia. Aliyeshindwa mara mbili alipelekwa bwawa dogo, ambako maji yalimfika kiunoni na watoto wadogo walichezea mipira, akae huko mpaka mwaka uliofuata. Mpaka mtihani uishe, aliruhusiwa kujifunzia kwenye njia ya pembeni.

"Sikai na wachezea mipira," Mama alisema siku ya kwanza, akivuta kofia yake ya mpira mpaka ikafunika masikio. "Sasa sikiliza. Mimi nikiwa majini sijioni. Wewe tembea ukingoni, uniangalie, kisha uniambie ulichokiona. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Pomboo aliyaona makosa mapema. Mama aliinua kichwa chote kila alipotaka kuvuta hewa, kama anayechungulia sufuria. Mikono yake ilizunguka na kuvuka mbele ya uso, ule wa kulia ukienda kushoto na wa kushoto ukienda kulia, kwa hiyo mwili wote ulikwenda upande upande. Alikuwa anayakoroga maji.

"Mama, kichwa!" Pomboo alipaza sauti. "Usiinue kichwa!"

Kwenye njia ya pili, timu ya shule ilikuwa inapumzika. Msichana mmoja aliyeitwa Miwani, kwa kuwa hakuvua miwani yake ya kuogelea hata nje ya maji, aliziba pua na kuigiza. "Mama, kichwa! Mama, mkia!"

Timu nzima ikaangua kicheko. Pomboo alihisi masikio yakimwaka. Mama alipofika ukingoni akihema na kuuliza, "Enhe, umeonaje?" Pomboo alijibu kwa sauti ya chini, "Vizuri, mama."

Jumamosi iliyofuata alijibu vivyo hivyo, na ile iliyofuata pia. Lilikuwa neno fupi, halikumchekesha mtu.

Siku ya mtihani, msimamizi wa bwawa alisimama ukingoni na filimbi yake. Alikuwa mzee mrefu, hana mchezo na sheria. Mama alijirusha na kuanza kwa nguvu zake zote. Alifika mwisho, akageuka. Katikati ya safari ya kurudi nguvu zilimwishia. Kichwa kilipanda, miguu ikashuka, mwili ukaenda mshazari. Bega lake lilipogonga kamba, aliikamata kwa mikono miwili.

Filimbi ililia.

"Mama," msimamizi alisema, "bwawa si sufuria. Huwezi kulikoroga likaiva."

"Na wewe si mwiko," Mama alijibu huku akikohoa. "Usinikoroge. Imebaki mara moja, sivyo?"

"Imebaki. Lakini kwa umri wako ningekushauri bwawa dogo. Maji ni yale yale."

"Nikuulize: hiyo sheria yako imetaja umri?"

"Haijataja."

"Basi tuonane mara ya pili."

Walipokuwa wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kubadilishia nguo, Mama alijifunika taulo, akavua kofia yake. Kisha akauliza, "Yule mzee kaona nakoroga kwa kunitazama mara moja. Wewe umenitazama Jumamosi zote hizi. Hukuona?"

Pomboo aliangalia vidole vyake vya miguu. "Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Walinicheka nilipokuita. Nikaona aibu, nikawa nasema 'vizuri' tu."

Mama hakugomba. Uso wake ulikakamaa tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yaani nimejizoesha makosa wiki hizi zote, nikiamini napatia, ili Miwani asicheke?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini Jumamosi utasema ulichokiona, tena kwa sauti. Wakicheka, wacheke. Maji hayo ninayameza mimi, si wao."

Jumamosi ile Pomboo aliingia majini pamoja na mama yake. Hakumpa mambo yote kwa mkupuo. Alianza na pumzi, kwa sababu aligundua kwamba Mama aliibana kifuani uso ukiwa majini, halafu akajaribu kuitoa na kuvuta nyingine kwa wakati mmoja. Hakuna mapafu yanayoweza kazi hiyo.

"Itoe ndani ya maji, polepole, mpaka uone mapovu," alimweleza. "Ukigeuza uso, kazi yako iwe kuvuta tu. Sikio moja libaki majini."

"Na kichwa?"

"Tazama chini. Mwili ni kama mzani, mama. Ukiinua kichwa, miguu inazama, halafu unaiburuta."

Baada ya pumzi ilikuja mikono. Kila mkono ulipaswa kuingia majini mbele ya bega lake wenyewe, kunyooka, kisha kuvuta maji kuelekea nyuma, kiwiko kikiwa juu ya kiganja. Mkono wa Mama ulikuwa umezoea mwiko, nao ulirudia kukoroga kila alipochoka. Kwa hiyo waliacha kuogelea mpaka kuchoka. Aliogelea kipande kifupi kwa usahihi, akapumzika, akarudia. Kadiri wiki zilivyopita, vipande vilirefuka na mapumziko yakafupika. Hospitalini, Mama aliacha lifti akawa anapanda ngazi. Wapishi wenzake walimwita mwanariadha kwa dhihaka. Aliwaambia wamwandalie medali.

"Mkono unavuka!" Pomboo alipiga kelele asubuhi moja.

"Mama, mkono! Mama, mkia!" Miwani akaitikia kutoka njia ya pili.

Safari hii Pomboo hakuinamisha uso. "Cheka, ukimaliza uje nikuoneshe kiwiko chako," alisema, timu yote ikisikia. "Kinaanguka kuliko cha mama."

"Uongo!"

"Muulize kocha."

Miwani hakumuuliza kocha. Lakini kabla ya kwenda kubadilisha nguo alimsogelea Pomboo na kunong'ona, "Kweli kinaanguka?"

"Kweli. Ndiyo maana bega linakuuma."

"Sasa mbona hukuniambia siku zote hizo, wewe?"

Pomboo alimwonesha papo hapo jinsi ya kukiinua.

Siku ya mtihani wa pili ilifika. Msimamizi alimtazama Mama akivaa kofia. "Mama, huna haja ya kujitesa. Bwawa dogo lina nafasi."

"Kama ni zuri hivyo, kaogelee wewe," Mama alijibu, akaingia majini.

Safari hii hakuanza kwa pupa. Mapovu yalitoka, uso uligeuka kando, sikio likabaki majini. Alifika mwisho, akagusa ukuta, akageuka. Katikati ya njia, mahali pale pale aliposhindwa, wimbi dogo lilimpiga usoni wakati anavuta hewa. Alimeza maji. Kichwa kikapanda. Mkono wa kulia ukaanza kuvuka, na mwili ukaelekea kwenye kamba.

Pomboo alikuwa anatembea ukingoni, upande ule ule ambao Mama aligeuzia uso. Timu nzima ilikuwa inatazama. Alingoja uso ugeuke, kisha akapiga kelele kwa nguvu zote: "Mkono unavuka! Toa pumzi! Tazama chini!"

Msimamizi aliinua filimbi, akaishusha. Sheria ilikataza kushika kamba. Kelele haikuzikataza.

Bega la Mama lilipita kando ya kamba bila kuigusa. Mapovu yalionekana tena. Mkono wa kulia uliingia mbele ya bega lake, mwili ukanyooka. Alikwenda polepole mno, kiasi kwamba mtoto yeyote wa timu angempita, lakini alikwenda mpaka kiganja chake kikagusa ukuta.

"Umechukua muda mrefu," msimamizi alisema, akitoa kalamu.

"Sheria yako inasema nisishike kamba," Mama alijibu akihema. "Haisemi niwahi. Tia sahihi, mzee wangu."

Msimamizi alitia sahihi, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nani amekufundisha?"

"Huyu hapa. Alianza kunifundisha siku alipoacha kunisifu."

Mama alikaa ukingoni, akamvuta Pomboo karibu. "Sikiliza, mwanangu. Ukimwona mtu wako anakosea ukamwambia anapatia, umemwachia kosa alibebe peke yake. Leo umesema kweli mbele ya watu wote, na hiyo kweli ndiyo niliyoshika badala ya kamba. Usiionee haya tena, iwe kwangu, iwe kwa rafiki zako."

"Sawa, mama."

"Haya, sasa ingia wewe, nikutazame. Na usidhani nitakuhurumia."