Mpishi Asiyeonja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nesma alitembea kwa kunyata asije akamwamsha baba yake. Baba yake, Reda, alikuwa mchomaji wa piza katika mkahawa mmoja karibu na stesheni ya treni ya Milano, na alirudi nyumbani watu wengine wakiwa wamelala fofofo. Nesma alichukua kipande cha mkate, akakipaka maharage ya kopo, akala akiwa amesimama dirishani. Kisha alitia begani mkoba wenye aproni yake nyeupe, akashuka ngazi kuwahi tramu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha Fayoum, Misri, na alikuja Milano majira ya kuchipua kuishi na baba. Mama yake, mdogo wake Tarek na Bibi Fathiya walikuwa bado Fayoum wakisubiri vibali vya kuwafuata. Tangu alipokuwa akipandishwa juu ya kigoda ili aifikie meza, Nesma alikuwa akimsaidia bibi yake kuviringisha wali ndani ya majani ya mzabibu. Kwa hiyo baba alipomwandikisha katika shule ya mapishi, alifurahi hata akalala na aproni kitandani.

Shule aliipenda. Alipenda masufuria yanayong'aa, visu vilivyopangwa kwa ukubwa, na mvuke uliowafanya wote wawe na mashavu mekundu. Alimpenda pia Tobia, kijana mrefu wa Milano aliyepangwa naye kwenye jiko moja. Tobia hakuishiwa mzaha, lakini ndiye aliyemrekebisha Nesma maneno bila kumcheka, hadi lugha ikamkaa mdomoni.

Kilichomshinda Nesma ni chakula chenyewe. Jibini la shuleni lilikuwa na madoa ya buluu, na harufu yake ilimkumbusha viatu vya Tarek akitoka kucheza mpira. Tambi ziliepuliwa zikiwa bado na kiini kigumu, na kila mtu akasema ndivyo zinavyotakiwa. Wali nao ulikuwa mlaini kama uji, ukatapakaa sahani nzima. Kwao Fayoum, wali wa namna hiyo hupewa mgonjwa wa tumbo. Nyama ya nguruwe na vyakula vyenye mvinyo mwalimu alikuwa amemwondolea tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kila alipokisogeza kijiko mdomoni, alikumbuka molokhia ya bibi, ile mboga ya majani inayoteleza kama mlenda, iliyopikwa kwa supu ya bata, na akakirudisha kijiko chini.

Mama alipiga simu kila siku jioni, na swali lake la kwanza halikubadilika: umekula nini? Nesma alimtumia picha za sahani zilizopambwa jikoni shuleni. Mama alizionyesha kwa majirani, na majirani wakasema msichana huyo atarudi amenenepa. Kumbe siku nyingi msichana huyo alikuwa ameshinda na biskuti.

Mwalimu wao wa mapishi, Mwalimu Ornella, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: chakula hakitoki jikoni kabla aliyekipika hajakionja. Kila mwanafunzi alikuwa na kijiko chake katika mfuko wa aproni. Nesma alijifunza kukichovya kijiko chake sufuriani, kugeukia ukutani kidogo, na kukifuta kwa kitambaa. Alipima kwa macho na kwa pua. Pua yake ilikuwa hodari, basi mambo yakaenda vizuri, na hakuna aliyegundua.

Kila Alhamisi shule ilifungua ukumbi wake wa chakula kwa wazee wa mtaa. Wazee hao walikula wanachopika wanafunzi, na hawakuwa watu wa kuficha maoni yao. Alhamisi moja ya Novemba zamu ya wali wa zafarani iliwaangukia Nesma na Tobia. Tobia alipewa kazi ya kuandaa mchuzi wa mifupa na kuutia chumvi. Nesma alipewa kazi ya kuupika wali kwa mchuzi huo, kutia siagi na jibini mwishoni, kuonja, na kurekebisha.

Alikoroga kwa bidii mpaka mkono ukafa ganzi. Akatia siagi, akatia jibini lililokunwa, tena kwa wingi. Wali ulikuwa wa manjano na wa kupendeza. Hapo akakumbuka kwamba bibi yake, kabla ya kuepua, hutia chumvi kidogo ya mwisho. Alichovya vidole katika bakuli la chumvi, akatia. Akaona kama haitoshi kwa sufuria kubwa kama ile, akaongeza. Hakujua kwamba jibini lile lina chumvi kali, kwa sababu hakuwahi kulitia mdomoni.

"Umeonja?" aliuliza Mwalimu Ornella akipita.

"Ndiyo, Mwalimu."

Nesma akaenda kuleta sahani, na Tobia akabaki kulinda sufuria.

Ukumbini, mzee aliyeitwa Bwana Ambrogio, dereva mstaafu wa tramu, alipeleka uma mdomoni, akatulia. Akauweka uma chini taratibu. Akanywa glasi ya maji, halafu nyingine, halafu akauvuta mtungi wote upande wake.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "leo mmetuletea bahari yote ya Genova."

Wazee wakacheka, lakini sahani zilirudi jikoni kama zilivyotoka. Mwalimu Ornella alionja kilichobaki sufuriani, akafumba macho. Kisha akauliza nani alitia chumvi. Tobia akasema alitia kwenye mchuzi tu, kama alivyoagizwa. Mwalimu akamgeukia Nesma.

"Wewe ulipoonja, ulikuwaje?"

Nesma aliona macho ya darasa zima usoni mwake. "Ulikuwa sawa, Mwalimu."

Basi ikaonekana kwamba chumvi ilitiwa baada ya Nesma kuonja, na aliyekuwa karibu na sufuria ni Tobia peke yake, Tobia yule yule ambaye mwezi uliopita alitia pilipili katika krimu ya mwenzake. Aliapa kwamba safari hii si yeye. Hakuaminiwa. Mwalimu akasema jina lake litaondolewa katika orodha ya wanafunzi watakaokwenda kujifunza kazi katika hoteli moja kando ya Ziwa Como. Tobia alikuwa amezungumza habari za safari hiyo tangu shule ifunguliwe. Akavua kofia yake ya upishi, akaikunja, na hakusema neno la kuchekesha.

Kwenye kituo cha tramu alimsogelea Nesma. "Hata wewe unafikiri ni mimi?"

Nesma alitaka kujibu. Tramu ikaja, akapanda, na jibu akabaki nalo.

Siku iliyofuata hakuweza hata kula biskuti zake. Mama alipopiga simu alisema ana kazi nyingi za shule. Jumamosi, ambayo nayo ilikuwa siku ya shule, asubuhi alipoingia jikoni alimkuta baba yake ameketi mezani, macho mekundu kwa usingizi, chai mbele yake. Alisema mama alimpigia simu kazini, akamwambia sauti ya mtoto si ya kawaida, aamke amwangalie.

Nesma alikaa, akamweleza yote: wali, kijiko kinachofutwa kwa kitambaa, Tobia, na zile picha za sahani anazomtumia mama.  Alipomaliza, baba alimsukumia kikombe chake cha chai chenye sukari nyingi.

"Habari ya chakula ni yetu, binti yangu, tutaitengeneza hapa hapa mezani," alisema. "Lakini habari ya huyo kijana huwezi kuitengeneza ukiwa hapa. Kunywa chai, uende."

Alimkuta Mwalimu Ornella katika stoo ya shule, akihesabu mifuko ya unga. Nesma alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mwalimu, Tobia hakutia chumvi. Nilitia mimi. Na sikuonja."

"Uliniambia umeonja."

"Nilisema uongo. Sikuonja wali. Na vingine pia."

"Vingine vipi?"

"Vyote, Mwalimu."

Mwalimu Ornella aliketi juu ya mfuko wa unga. "Tangu Septemba?"

"Tangu Septemba."

"Na ile supu ya dengu aliyoisifu mkuu wa shule?"

"Niliinusa."

Mwalimu akageuza uso kuelekea kwenye rafu, na mabega yake yakatikisika kidogo. Alipogeuka tena alikuwa amekaza uso. Alimwambia Nesma kwamba kuficha kwake kumemfanya yeye, mwalimu, amwadhibu mtoto asiye na kosa, na hilo si jambo dogo. Aliitisha darasa. Nesma alisema mbele ya wote alichofanya, akamwomba Tobia radhi. Kisha Mwalimu Ornella naye akamwomba Tobia radhi, akalirudisha jina lake kwenye safari. Nesma akapewa adhabu ya kuosha masufuria yote ya darasa mpaka Alhamisi.

 "Nina ombi moja," alisema Tobia. "Yale yaliyoungua uyaoshe kwa kuyanusa." Darasa likaangua kicheko, na Nesma akacheka nao huku machozi yakimtoka.

Wenzake walipoondoka, mwalimu alimbakisha. Alitaka kujua kwa nini mtu anayependa kupika namna ile hataki kula. Nesma akamweleza habari za bibi, za meza ya nyumbani, za molokhia. Akasema anapokula chakula cha hapa huona kama anakubali kwamba nyumbani ni mbali. Mwalimu Ornella alisikiliza, akamwambia kwamba Alhamisi ijayo wazee watakula wali wa zafarani uliorudiwa, na pamoja nao molokhia ya Fayoum. Vyote viwili atapika Nesma, na vyote viwili ataonja.

Jioni hiyo Nesma alimwambia mama yake ukweli kuhusu zile picha. Mama alivuta pumzi, kisha akasema afadhali mtoto anayelia kwa njaa kuliko anayetuma picha, na kuanzia sasa anataka kuambiwa ukweli. Bibi Fathiya, aliyekuwa akisikiliza pembeni, hakujali habari za picha. Aliuliza kama bata wa Milano wana mafuta.

Alhamisi ilipofika, baba alileta molokhia iliyogandishwa kutoka duka la Wamisri, na simu ikaegemezwa kwenye kopo la unga ili bibi aone jiko. Darasa lote lilijisogeza. Supu ya bata ikachemka, majani yakaingia yakageuza kila kitu kuwa kijani. Kitunguu saumu na giligilani vikakaangwa kwenye samli mpaka vikanukia hadi ukumbini.

Bibi akapaza sauti kutoka kwenye simu. Nesma akasita, akaona haya.

"Anasema nini?" aliuliza Tobia.

"Anasema ninapomimina hiki kitunguu lazima nivute pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeshtuka. Bila hivyo molokhia inazama chini."

"Kitaalamu inahusianaje?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Hakuna anayejua," alisema Nesma. "Ila hakuna aliyewahi kujaribu kuacha."

Mwalimu Ornella alisema sheria ya jikoni ni kumtii mpishi mkuu, na leo mpishi mkuu yuko Fayoum. Nesma akainua kikaango, akamimina, na darasa zima likavuta pumzi kwa pamoja, kwa kishindo, hata wazee wawili ukumbini wakasimama kuuliza nani ameungua. Bibi alifurahi sana, akataka kuonyeshwa sufuria ya pili. Alipouona wali wa zafarani akauliza kwa nini wanawalisha wazee uji. Tobia akadai atafsiriwe neno kwa neno, na Nesma, ambaye alikuwa ameahidi kusema kweli, akatafsiri. Walicheka mpaka Mwalimu Ornella akalazimika kuegemea meza.

"Haya," alisema mwalimu. "Sasa onja."

 Nesma alichota kijiko cha wali, akakipuliza, akakitia mdomoni. Mwanzoni aliusikia utelezi tu, akataka kumeza haraka. Akajizuia, akatafuna. Nyuma ya utelezi kulikuwa na siagi, kisha zafarani, kisha punje zenyewe, laini nje na zenye nguvu katikati. Haukuwa wali wa Fayoum. Ulikuwa kitu kingine, na kitu hicho hakikuwa kibaya. Akachota kijiko cha pili.

"Umepungua chumvi," alisema.

Watu walitazamana. Mwalimu Ornella alichukua kijiko chake, akaonja, akafikiri. "Ni kweli," alisema, akamsogezea bakuli la chumvi. "Kidogo."

Sahani zilirudi tupu siku hiyo. Bwana Ambrogio alifuta bakuli lake la molokhia kwa mkate, akauliza kama itakuwapo tena Alhamisi nyingine.

Wazee walipoondoka, wanafunzi waliketi kula kilichobaki. Nesma alijipakulia molokhia upande mmoja wa sahani na wali wa zafarani upande wa pili, akala vyote, akaongeza. Mwalimu Ornella aliketi kando yake.

"Sikilizeni nyote," alisema. "Kukikumbuka chakula cha mama si kosa. Mimi mwenyewe nilipokwenda kujifunza kazi mbali na kwetu, nililia kwa ajili ya maharage. Kosa ni kuficha. Nesma alificha kwamba hali chakula, akadhoofika. Akaficha kwamba haonji, akaharibu kazi. Akaficha kosa, akamuumiza rafiki. Siku aliyosema kweli, tuliweza kumsaidia. Anayekula chakula chako anakuamini bila kuona ulichofanya jikoni. Kwa hiyo ukiulizwa umeonja, jibu lako lazima liwe la kweli, hata kama ni hapana."

Akamaliza kijiko chake cha mwisho cha molokhia, akasimama, akafunga tena aproni yake. Kisha akawakumbusha kwamba masufuria hayajioshi, na safari hii wote wakainuka pamoja.